SHOTGANI VITANI: KUTOKA MAHANDAKI YA 1918 HADI KUTUNGUA DRONI UKRAINE



Ukipita mlango wa benki mjini, mara nyingi utamkuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, shotgani imelala mapajani. Tumeizoea mpaka hatuioni tena. Kwa wengi wetu hiyo ni bunduki ya walinzi, ya wawindaji wa kanga, na ya wazee wanaolinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Halafu kuna kundi la pili, nyie mnaomaliza saa nzima intaneti kafe mkicheza Counter-Strike badala ya kusoma habari. Nyie shotgani mnaijua kwa jina la XM1014, na mnaamini ukiwa nayo kwenye kona ya chumba hakuna wa kukugusa, ila ukitoka uwanja wa wazi ni kama unarusha mchanga.

Makundi yote mawili yana nusu ya ukweli. Leo tuiangalie vizuri: jeshini hii silaha inafanya kazi gani, ilifikaje huko, na kwa nini imerudi mstari wa mbele kwa kasi kwenye vita vya Ukraine wakati wengi walishaiona ni kitu cha makumbusho. Katikati kuna kisa kimoja cha mwaka 1918 ambapo shotgani nusura iwaponze mateka wa kivita. Hicho kisa ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

INAVYOFANYA KAZI

Bunduki ya kawaida ya askari, kama AK-47 ambayo huku Bongo tunaiita SMG, ina michirizi iliyojizungusha ndani ya mtutu. Ile michirizi inaizungusha risasi ili iende mbali bila kuyumba. Shotgani mtutu wake ni laini ndani kama bomba la maji. Na ndani ya ganda lake kwa kawaida hakuna risasi moja, kuna punje nyingi za duara. Kiswahili chetu kinaziita marisau, mtaani wengine wanasema goroli. Ukifyatua zinatoka zote kwa mpigo na kuanza kutawanyika.

Mtasikia watu wanasema shotgani ya "geji 12". Hesabu yake ni ya kizamani kidogo. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani kama gramu 454, igawanye mafungu 12 sawa, kila fungu lifanye mpira. Upana wa mpira mmoja ndio upana wa mtutu: milimita 18.5 hivi. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, ingawa namba yake ni kubwa. Wengi linawachanganya hili.

Marisau yana saizi. Ya kupigia ndege ni madogo na ganda moja linaweza kubeba zaidi ya mia. Ya jeshini tangu zamani ni yale makubwa ya kuwindia wanyama kama swala. Ganda la geji 12 la aina hiyo lina punje 9, kila moja ina upana wa milimita 8.4 na uzito wa gramu tatu na nusu. Kwa hiyo ukivuta triga mara moja unamtumia adui vitu 9 vinavyokaribia upana wa risasi ya bastola. Hapo ndipo sifa yake yote ilipo.

Sasa tusahihishe mambo ya sinema. Kwanza, si kweli kwamba ukiwa na shotgani huhitaji kulenga. Kwa makadirio ya kawaida marisau hutawanyika sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita moja yanayosafiri. Ndani ya chumba cha mita tano, punje zote 9 zinaingia kwenye eneo la kiganja cha mkono. Usipolenga umekosa, basi. Pili, mtu aliyepigwa harushwi nyuma hadi dirishani. Ingekuwa hivyo, na anayefyatua naye angerushwa. Tatu, kwenye michezo ya kompyuta shotgani inaishiwa nguvu baada ya hatua chache. Uhalisia ni kwamba marisau makubwa yanafanya kazi hadi mita 35 au 40 hivi. Huo ni umbali wa kutoka goli moja mpaka karibu na duara la katikati ya uwanja wa mpira. Siyo mbali kwa vita, lakini siyo chumbani tu.

ILIPOTOKA

Wazo la kurusha vitu vingi kwa mpigo mmoja ni la zamani kama baruti yenyewe. Wababu zetu wenye magobore walikuwa wanajua: unashindilia baruti, halafu unaweka chochote kigumu. Wazungu nao walikuwa na bunduki fupi zenye mdomo mpana zilizotumika kwenye meli na kwenye magari ya farasi. Katika vita vya uhuru wa Marekani, George Washington aliwahimiza askari wake waweke kwenye gobore mpira mmoja mkubwa pamoja na marisau kadhaa. Gobore la zama hizo lilikuwa halina shabaha ya kueleweka, kwa hiyo ukirusha vinne au vitano pamoja angalau kimoja kitafika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wapanda farasi wa majimbo ya Kusini wengi walikuja na shotgani za mitutu miwili walizotoka nazo nyumbani. Kwa vita vya farasi, ambako unamfikia mtu karibu kabisa, zilifaa. Lakini raifo zilivyozidi kuwa nzuri, shotgani ikabaki pembeni.

Iliyoirudisha ni mashine ya John Browning, mbunifu wa silaha aliyekuwa na kichwa cha ajabu. Winchester ya mwaka 1897 ilikuwa kazi yake: mtutu mmoja, chini yake bomba la kuhifadhia risasi, na mshikio unaouvuta nyuma na kuusukuma mbele ili kukoki. Ule mlio wa "chakachaka" mnaousikia kwenye sinema ni huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 jeshi la Marekani lilizipeleka Ufilipino, kusini kule kwa Wamoro, ambako wapiganaji wenye mapanga walikuwa wanachomoka kichakani hatua chache tu kutoka kwa askari. Mmoja wa maofisa waliotumikia kule alikuwa John Pershing, gavana wa jimbo la Wamoro kuanzia 1909 hadi 1913. Mshikeni jina, anarudi sasa hivi.

KISA CHA 1918

Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, na kamanda wa majeshi yake Ulaya alikuwa huyohuyo Pershing. Vita ya Ufaransa ilikuwa ya mahandaki. Watu wamejichimbia ardhini, katikati kuna seng'enge na matope, na usiku vikundi vidogo vinatambaa kwenda kuvamia handaki la upande wa pili. Ukiingia handakini unajikuta kwenye ujia mwembamba wenye kona kila baada ya hatua chache. Raifo ndefu inagonga kuta. Watu walikuwa wanapigana kwa rungu, visu na majembe yaliyonolewa. Sijui kama kuna kazi mbaya zaidi ya hiyo.

Wamarekani wakaichukua ile Winchester, wakakata mtutu uwe na sentimita 51 hivi, wakauvika kifuniko cha chuma chenye matundu ili mtu asiungue mkono, na mbele wakaweka sehemu ya kufunga singe. Ubapa wa singe yenyewe ulikuwa na urefu wa kama sentimita 43, panga kabisa. Bunduki ilibeba risasi tano kwenye bomba na moja kwenye chemba. Sita mara tisa ni punje 54. Tena ile Winchester ilikuwa na tabia moja: ukiikandamiza triga bila kuiachia, inafyatuka yenyewe kila unapomaliza kukoki. Mtu mwenye mkono mwepesi alizimaliza zote sita ndani ya sekunde chache. Fikiria uko kwenye ujia wa upana wa kitanda na hicho kitu kinakuja kona.

Tatizo lilikuwa risasi zake. Ganda la wakati ule lilikuwa la karatasi ngumu, na handaki lina maji. Karatasi ikilowa inavimba, ikivimba haiingii kwenye chemba. Ikabidi watengeneze maganda ya shaba tupu. Kuna hadithi nyingine maarufu kwamba wapiga shabaha walitumia shotgani kutungua mabomu ya mkono yakiwa hewani. Ni tamu, inasimuliwa sana, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Mimi siiamini.

Mwezi Julai 1918 Wajerumani wakamkamata askari wa Kimarekani akiwa na hiyo bunduki. Septemba wakamkamata mwingine wa kikosi tofauti. Septemba hiyohiyo serikali ya Ujerumani ikapeleka malalamiko rasmi Washington kupitia Uswisi. Walisema shotgani inavunja Mkataba wa Hague wa 1907, ibara ya 23(e), inayokataza silaha zilizokusudiwa kuleta mateso yasiyo ya lazima. Halafu wakaongeza sentensi iliyobadilisha kila kitu: mateka yeyote atakayekutwa na bunduki hiyo au risasi zake, maisha yake yamekwisha.

Hebu tulieni hapo kidogo. Hatuzungumzii tena chuma. Tunazungumzia kijana wa miaka 20 aliyepewa silaha na mkubwa wake, ameshikwa, ameinua mikono, na sheria za vita zinasema mateka hauawi. Sasa upande wa pili unasema huyu atauawa kwa sababu ya kilichokutwa begani mwake.

Unaweza kucheka ukikumbuka nani alikuwa analalamika. Ujerumani ndiyo iliyofungulia gesi ya klorini mji wa Ypres, Aprili 1915, na ndiyo iliyoleta mashine za kurusha moto kwenye mahandaki. Wamarekani hawakuacha kuliona hilo. Lakini tuwe waungwana, hoja yenyewe si ya kijinga. Kuna mstari kati ya kumzuia askari asipigane na kumtesa tu, na mtu aliyepigwa marisau 9 kwa karibu hatazamiki. Swali lilikuwa: je, hilo ni tofauti na yanayomkuta aliyepigwa kombora?

Wanasheria wa jeshi la Marekani walisema si tofauti. Hoja yao kwa kifupi: kombora la mzinga linarusha vipande vingi kwa mpigo, bombomu nalo linampiga mtu mmoja risasi kadhaa, na vyote hivyo kila jeshi linatumia. Punje ya risau haizidi sana upana wa risasi ya kawaida. Na ina kazi halali ya kijeshi, kuwasimamisha watu wanaokuvamia kwa kishindo kwenye nafasi ndogo. Mateso yapo, ila si "yasiyo ya lazima" kwa maana ya mkataba.

Tarehe 28 Septemba 1918 waziri wa mambo ya nje, Robert Lansing, akajibu. Alikataa madai yote, na akasema wazi kwamba Ujerumani ikitekeleza kitisho hicho hata kwa Mmarekani mmoja, Marekani nayo italipiza ili kuwalinda askari wake. Wakati huo Marekani tayari ilikuwa na mateka wengi wa Kijerumani mikononi. Kila upande ukawa umeshika vijana wa mwenzake.

Hakuna kumbukumbu ya mateka yeyote wa Kimarekani aliyeuawa kwa ajili ya shotgani. Vita vikaisha tarehe 11 Novemba, wiki sita tu baada ya barua ya Lansing. Shotgani hazikuondolewa, na hadi leo hakuna mkataba wa kimataifa unaozitaja kwa jina na kuzikataza. Mwaka 1997, Marekani ilipokuwa inatafuta shotgani mpya ya majeshi yake yote, mwanasheria wa jeshi W. Hays Parks alilazimika kulichambua upya suala hilohilo, akafikia jibu lilelile kwamba ni halali. Karibu miaka 80 baadaye, malalamiko ya Wajerumani bado yalikuwa kwenye faili.

MSITUNI

Vita Kuu ya Pili Ulaya haikuwa na kazi nyingi kwa shotgani. Vifaru na ndege vilimaliza habari ya mahandaki. Pasifiki ndiko zilikotumika, Wamarekani wakipigana na Wajapani visiwani kwenye majani mazito. Ila kazi yake kubwa kuliko zote katika vita ile wengi hawaijui: darasani. Vijana waliokuwa wanafunzwa kuwa wapiga bombomu wa ndege walianzia kwenye shotgani, wanarushiwa visahani vya udongo hewani wavitungue. Lengo ni kuzoesha jicho kupiga mbele ya kitu kinachokimbia, siyo pale kilipo. Kumbukeni hivyo visahani.

Baada ya hapo ikaja Malaya, 1948 hadi 1960, Waingereza dhidi ya wapiganaji wa Kikomunisti kwenye msitu wa kweli. Vikosi vya King's African Rifles, vijana wa Afrika Mashariki na Nyasaland, vilipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mapigano mengi yalikuwa ya kuviziana njiani, watu wanaonana kwa sekunde mbili halafu wanapotea majanini. Kwa umbali huo mtu wa mbele mwenye shotgani alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupiga kitu kuliko mwenye raifo, na Waingereza wakaipenda kwa kazi hiyo.

Waliipa pia migambo ya vijijini. Mtindo huohuo ukaja kwetu jirani. Kenya, wakati wa vita ya Mau Mau kuanzia 1952, serikali ya kikoloni iliunda Home Guard, na baadhi ya wale walinzi walipewa shotgani. Sababu yake si ngumu kuikisia. Mtu hahitaji mafunzo marefu kuitumia, na ikiangukia mikononi mwa waasi siyo silaha ya kumpiga mtu mita 300. Mkoloni alikuwa anamwamini mlinzi wake nusu nusu. Mnaweza kuona kwamba mlinzi wa benki wa leo na Home Guard wa 1953 walipewa chuma kilekile kwa hesabu inayofanana.

Vietnam ndiyo iliyoipima hasa. Mtu wa kwanza kwenye doria, yule anayefungua njia, mara nyingi alibeba shotgani: Ithaca 37, Stevens 77E au Remington 870. Makomando wa majini walifunga mbele ya mtutu kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, kinachofanya marisau yatawanyike kwenda kulia na kushoto badala ya juu na chini. Ni akili nzuri, adui hajajipanga kama ngazi. Maganda nayo yalishaanza kuwa ya plastiki miaka ya 1960, kwa hiyo ugonjwa wa karatasi kuvimba ukapona.

Na wazo likahamia kwenye silaha nyingine. Kile kirusha bomu cha M79, kinachofunguka katikati kama shotgani ya mzee, kilitengenezewa risasi iitwayo M576 yenye marisau 20. Maana askari mwenye M79 alikuwa na shida moja: bomu lake linahitaji umbali kidogo kabla ya kulipuka, sasa adui akimtokea mita tano afanyeje?

KWA NINI BASI SI KILA ASKARI ANAYO

Twende kwenye mizani. Risasi moja ya shotgani geji 12 ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Risasi moja ya raifo za sasa za NATO ni kama gramu 12. Yaani uzito unaokupa risasi 25 za shotgani ungekupa karibu 100 za raifo, na hizo 100 zinafika mita 300 na zaidi. Askari anabeba kila kitu mgongoni. Ukimwambia achague, hatafikiri sana.

Kujaza nako ni kazi. Raifo unachomoa magazini unachomeka nyingine, umemaliza. Shotgani nyingi unasukuma ganda mojamoja kwenye bomba kwa kidole gumba, huku mikono inatetemeka. Halafu kuna fulana za kuzuia risasi. Punje ya duara ya madini laini haipenyi vitu vigumu, na marisau yanapata shida hata na ukuta wa matofali ambao raifo ingeutoboa.

Wamejaribu kutibu. Miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na mradi wa shotgani inayofyatua mfululizo kama bombomu, Heckler & Koch wakashirikiana na Olin. Ukafutwa. Kuna AA-12 pia, iliyoanzia kwa Maxwell Atchisson mwaka 1972, ambayo mmeiona kwenye video ikimwaga moto kama bomba la bustani. Jeshi kubwa lililoichukua kama silaha yake rasmi halipo. Ukipiga hesabu ya uzito wa risasi hapo juu utaona kwa nini: unamaliza mzigo wa mchana mzima ndani ya dakika.

UFUNGUO WA MLANGO

Kazi iliyoibakiza jeshini kwa miaka mingi ni ya kuchekesha kidogo. Kufungua milango. Vita vya Iraki baada ya 2003 vilikuwa vya mijini, nyumba kwa nyumba, Fallujah mwaka 2004 ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Kikosi kinafika mlangoni, umefungwa. Mlango ukipigwa teke mara tatu, waliomo ndani wamejiandaa. Bomu linaweza kuua watoto walioko nyuma yake. Hapo anaitwa mtu mwenye shotgani na risasi maalumu iliyojaa unga wa chuma ulioshikamanishwa. Anaielekeza kwenye kitasa au bawaba, unga unavunja chuma halafu unasambaratika bila kwenda mbali chumbani. Akimaliza anakaa pembeni, wenye raifo wanaingia. Marekani ilitengeneza hadi kishotgani kidogo, M26, cha kufunga chini ya mtutu wa raifo ili mtu asibebe bunduki mbili.

Na hapa wapenzi wa Counter-Strike jibu lenu limefika. Ile shotgani mpya ya 1997 niliyoitaja, mshindi wake alikuwa Benelli M4 ya Italia, inayojikoki yenyewe kwa gesi. Wakati wa majaribio iliitwa XM1014. X maana yake bado inajaribiwa. Ilipokubaliwa X ikaondolewa ikawa M1014, na wanamaji wa Marekani wakaipokea. Waliotengeneza mchezo walichukua jina la majaribio, na mpaka leo vijana dunia nzima wanaita kwa jina ambalo jeshi lenyewe lilishaliacha.

KISHA ZIKAJA DRONI

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022 hakuna aliyekuwa anawaza shotgani. Ilikuwa mizinga, vifaru na makombora. Kufikia 2023 mambo yakageuka. Droni ndogo za kuendeshwa kwa miwani ya video, zenye gharama ya dola mia chache tu, zikawa zinawinda mtu mmojammoja. Inabeba kilipuzi, mwendeshaji yuko kilomita kadhaa nyuma anakuona kwenye skrini, anakufuata hadi ndani ya handaki. Ndiyo, mahandaki yamerudi pia.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuvuruga mawimbi ya redio. Droni ikikosa mawasiliano inaanguka. Lakini kuanzia 2024 zikaenea droni zinazovuta nyuma yake uzi mwembamba wa kioo, kilomita 10 au 20 kwenye kigurudumu, mawasiliano yote yanapita humo. Hakuna wimbi la kuvuruga. Mashine ya mamilioni inakuwa bure mbele ya uzi.

Kilichobaki ni kuipiga. Raifo? Kitu cha ukubwa wa sinia, kinakwenda kilomita 100 kwa saa na kinayumbayumba. Risasi mojamoja ni bahati nasibu. Ndipo majeshi ya pande zote mbili yakakumbuka kwamba watu wamekuwa wakitungua bata na kware wanaokimbia hivyo kwa karne nzima, na chuma cha kazi hiyo kipo dukani. Ukraine ikanunua shotgani za Kituruki za Hatsan Escort miongoni mwa nyingine, Warusi nao wakagawa zao. Kwenye magari ya wazi yanayopeleka chakula na kurudisha majeruhi, mtu mmoja anakaa nyuma na shotgani, macho angani. Mafunzo yake? Visahani vya udongo, vilevile vya wale vijana wa ndege wa miaka ya 1940.

Risasi nazo zimegeuka. Kwa mtu ulitaka punje 9 kubwa. Kwa droni unataka nyingi na ndogo zaidi, maana huhitaji kuiua, panga moja la propela likivunjika inatosha. Ukraine imetengeneza hadi risasi ya raifo ya kawaida inayogawanyika vipande hewani, wameipa jina la utani Horoshok, yaani kipunje cha njegere, ili askari asiye na shotgani naye awe na cha kujaribu. Benelli mwaka 2025 walileta toleo la M4 la kazi hiyohiyo.

Lakini asije mtu akasema dawa imepatikana. Piga hesabu mwenyewe. Umbali wa kuitungua kwa uhakika ni mita 30 hadi 50. Kwa kilomita 100 kwa saa, droni inakata mita 28 kila sekunde. Kutoka mita 50 una sekunde chini ya mbili: kuinua, kulenga mbele yake, kuvuta triga. Ukikosa, labda una nafasi ya pili. Ukipata ikiwa mita tano, kile kilipuzi bado kinaweza kukufikia. Zile droni kubwa za kudondosha mabomu zinapaa juu ambako marisau hayafiki kabisa. Na mara nyingi haiji moja. Askari wenyewe wanaiita nafasi ya mwisho, baada ya nyavu, baada ya vivurugaji, baada ya kukimbia.

Kwa hiyo leo mashariki mwa Ukraine kuna mtu amesimama handakini na shotgani geji 12, kama yule wa 1918. Tofauti ni kwamba yule wa 1918 alikuwa anaangalia kona ya handaki. Huyu anaangalia juu, anasikiliza mlio kama wa nyuki.

Ni hayo wadau. Kama kuna mzee nyumbani aliyepitia jeshini akashika hii kitu, muulizeni halafu mtuwekee hapo chini. Na wale wa Counter-Strike, naomba msinitukane kwa habari ya mita 40, ndiyo ukweli wenyewe.